Kitabu cha Mtabila Kiwekwe Wapi?

Anayetaka kusoma habari za Mtabila ana kazi kabla hata hajashika kitabu: aanze kutafuta kwa neno gani? Mtabila iko wilayani Kasulu, kwenye vilima vya Kigoma. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993 na nchi yake ikaingia vitani, pakawa kambi ya wakimbizi. Mwisho wa 2012 kambi ikafungwa. Leo ni kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Basi atafute Kasulu? Burundi? Wakimbizi? Jeshi? Kwa namba za Dewey, zinazotumika katika maktaba zetu za umma, historia ya Tanzania inakaa 967.8, ya Burundi 967.572, na huduma kwa wakimbizi 362.87. Kutoka rafu ya wakimbizi hadi zile za historia ni kuvuka ukumbi mzima.

Kitabu hakiwezi kukaa rafu mbili kwa wakati mmoja, ila katalogi inaweza kukiandika chini ya maneno mawili, matatu, hata matano. Maneno hayo ndiyo vichwa vya mada. Orodha yake inayofuatwa na wengi ilianza kutengenezwa mwaka 1898 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington, na vyuo vikuu vyetu huichukua kama ilivyo, na Kiingereza chake. Miaka ya karibuni imebadilishwa mara kadhaa, na mara nyingine kwa ugomvi mkubwa. Je, mabadiliko hayo yanamsaidia msomaji wa Kasulu au wa Kibondo?

Nimewakalisha watu wanne wabishane: mwalimu mstaafu wa Kasulu, mkutubi, kijana wa chuo kikuu aliyekulia Makere, na mama mmoja aliyezaliwa Mtabila kambi ilipokuwa kambi. Hawana majina kwa sababu nimewatunga. Vitabu, sheria na miaka wanayoitaja sikuitunga. Na kwa kuwa mwenye mjadala ni mimi, nitawakatiza nikitaka.

MWALIMU. Nianze mimi, mvi zina haki yake. Miaka ya 1970 nilifundisha kisomo cha watu wazima huku kwetu. Maktaba ya kijiji ilikuwa kabati moja, ufunguo ninao mimi. Mtu anakuja: "Mwalimu, kuna kitabu cha nyuki?" Kipo, anapewa. Hakipo, anaambiwa hakipo. Sikuona hata mmoja aliyekosa kitabu kwa ajili ya kichwa cha mada. Walikosa kwa sababu vitabu vyenyewe vilikuwa vichache, na vilipochakaa havikuletwa vingine. Sasa naambiwa wasomi wa Washington wanakesha kubishana neno gani liandikwe juu ya kitabu. Wana nafasi hao. Sisi tudai vitabu.

MKUTUBI. Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU. Marahaba, mama.

MKUTUBI. Ukiwa na kabati moja, katalogi ni wewe mwenyewe. Huyu anasema nyuki, yule asali, mwingine mizinga. Unawaelewa wote na mkono unakwenda palepale. Ukistaafu, je? Kabati likiwa ukumbi, je? Kazi yetu ni kuchagua neno moja, tuseme "Ufugaji wa nyuki", kila kitabu cha habari hiyo kikaandikwa hapo. Halafu maneno mengine yote tunayawekea kielekezo: "Mizinga, tazama Ufugaji wa nyuki". Msomaji hahitaji kujua neno letu. Anakuja na lake, na lake linamfikisha. Hiyo ndiyo hesabu nzima ya vichwa vya mada, mengine ni matawi. Lakini sasa, Mwalimu, kama neno tulilolichagua sisi ni tusi kwa yule anayesoma?

MWALIMU. Tusi gani liko kwenye katalogi?

MKUTUBI. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Sanford Berman, alikwenda kufanya kazi maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka. Humo akakuta kichwa cha mada *Kafirs*, kimetoka Washington, kimebandikwa juu ya vitabu vya watu wa kusini mwa Afrika. Wenzake wa Zambia wakamweleza neno hilo likoje masikioni mwa Mwafrika. Hebu fikiria: nchi imepata uhuru 1964, chuo ni kipya, mwanafunzi anavuta droo ya kadi atafute historia ya majirani zake, anakutana na tusi la kaburu limepigwa taipu vizuri. Mwaka 1971 Berman akatoa kitabu, *Prejudices and Antipathies*, akiipitia orodha ile kichwa kwa kichwa. Alifanya kazi Makerere pia, kisha akarudi kwao Marekani, akakaa Minnesota, akatumia miaka mingi kuwaandikia barua wakubwa wa Washington. Mengi aliyoyalalamikia yalibadilishwa.

MWALIMU. Hilo sina ubishi nalo. Tusi litoke.

MKUTUBI. Na si mabadiliko yote yanahusu matusi. Hadi 2010 vitabu vya mapishi vilikuwa chini ya *Cookery*, neno ambalo Wamarekani wenyewe walishaacha kulitamka. Likawekwa *Cooking*. Hakuna aliyegombana, na mpishi akakipata kitabu chake.

KIJANA. Mnisamehe wakubwa zangu, mnazungumzia droo za kadi. Mimi sijawahi kuigusa. Nikitaka kitu naandika kwenye simu, kinakuja. Kompyuta inasoma maneno yote ya ndani, siyo kichwa tu. Kichwa cha mada kilikuwa na kazi enzi za kadi.

MKUTUBI. Haya, toa simu. Fungua katalogi ya chuo chenu. Andika Waha, wenyeji wa Kasulu.

KIJANA. Vimekuja viwili. Kimoja hakihusiani.

MKUTUBI. Andika Kiha. Andika Buha. Andika Muha.

KIJANA. Kila neno linaleta vyake.

MKUTUBI. Sasa andika Ha, kama kule Washington wanavyoandika.

KIJANA. Mama! Vimekuja mpaka vya hekta.

Hapa nawakatiza. Kijana ameangukia jambo ambalo ubishi wa Marekani haujawahi kuligusa, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote kwa msomaji wa Kiswahili. Kiingereza hubadilisha neno mkiani. Kwa hiyo katalogi nyingi zinakuruhusu kuandika mwanzo wa neno ukaacha mkia, na mashine ikakamilisha. Neno letu linabadilika kichwani. Mkimbizi yuko M, wakimbizi wako W, ukimbizi uko U, na aliyeandika habari za "watu waliokimbia" yuko kusikojulikana. Muha, Waha, Kiha, Buha: mtu, watu wake, lugha yake na nchi yake, kila mmoja amepelekwa kona yake ya alfabeti. Watunga kamusi walikwisha kupambana na hili. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya 1939, aliyakusanya maneno mengi chini ya kitenzi yalimotoka, ili ukikipata kitenzi hicho uione familia nzima. Katalogi zetu hazijafika hata hapo. Kwa hiyo simu haijakiua kichwa cha mada. Kwa Kiswahili imekifanya kihitajike zaidi, maana ni mtu tu anayeweza kuiambia mashine kwamba Buha na Waha ni habari moja.

Na ile "kompyuta inasoma maneno yote ya ndani" ina sharti: kitabu kiwe kimeingizwa kwenye kompyuta, na kiwe kwa lugha unayoandika. Makala ndefu ya J. H. Scherer, *The Ha of Tanganyika*, ilitoka 1959 kwa Kiingereza. Uandike "watawala wa Buha" mpaka simu izime, haitakuja.

MZALIWA. Mimi niliandika Mtabila.

MWALIMU. Enhe, mwanangu. Ukaona nini?

MZALIWA. Niliona majina ya vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaambiwa waripoti Mtabila JKT na nguo za michezo. Nikashuka chini, nikaona ripoti za Umoja wa Mataifa: idadi ya watu, idadi ya vyoo, idadi ya magari yaliyotuvusha. Mimi nilikuwa ndani ya idadi hiyo. Nilizaliwa pale 1997, nikasoma pale kwa mtaala wa Burundi, Kirundi na Kifaransa, huku Kiswahili tukikiokota sokoni na redioni. Radio Kwizera tulikuwa tunaisikiliza kila siku. Desemba 2012 tukapandishwa magari, tukavushwa Manyovu, tukashushwa Makamba, nchi ambayo mimi sikuwahi kuiona. Nina watoto sasa, wanauliza ulizaliwa wapi. Nataka kitabu. Kila ninachokutana nacho kimeandikwa "wakimbizi". Hata harusi, hata kwaya, hata soko letu ambalo Waha walikuwa wanaleta maharage na ndizi, vyote ni "wakimbizi".

MKUTUBI. Kwa sababu walioandika walikuja kwa ajili ya wakimbizi. Mworodheshaji hufuata kitabu.

MZALIWA. Lakini mimi si mkimbizi sasa. Ni raia wa Burundi, nina kitambulisho.

MKUTUBI. Kitabu kinasema habari za wakati ule.

KIJANA. Ngoja kwanza, mama. Mbona Zaire mmeifuta?

Swali la kijana ni zuri kuliko anavyojua, na mkutubi amelinyamazia kidogo, kwa hiyo nilieleze. Kambi ya Nyarugusu, hiyo iliyobaki wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba 1996 kwa watu waliokimbia Zaire. Mei 1997 Zaire ikabadilika jina kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Orodha ya Washington ikafuata: vitabu vyote vya nchi hiyo, hata vilivyoandikwa Rais Mobutu akiwa kitini, vikahamishiwa kwenye jina jipya, na Zaire ikabaki kielekezo. Nchi ikibadilika jina, vitabu vyake vya zamani vinabadilishiwa. Mtu akibadilika hali, vitabu vyake vinabaki vile vile.

Chukua kitabu cha Liisa Malkki, *Purity and Exile*, cha 1995. Utafiti wake aliufanya miaka ya 1980 katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma, kwa Wahutu waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi. Miaka ile Mishamo ilikuwa mkoa wa Rukwa. Tangu 2012 iko mkoa wa Katavi. Mworodheshaji mwenye bidii atarekebisha mkoa. Watu wale nao walibadilika: mwaka 2014 waliokuwa wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Mjukuu wa mtu wa Mishamo ni Mtanzania anayepiga kura. Historia ya babu yake ataipata wapi kwenye katalogi? Chini ya wakimbizi wa Burundi. Hatakiwi kuambiwa kwamba babu hakuwa mkimbizi, alikuwa. Anachohitaji ni mstari mmoja zaidi, "Watanzania wenye asili ya Burundi", unaokwenda kwenye kitabu kilekile. Mkutubi anasema hufuata kitabu. Mimi nasema amfuate na msomaji.

MWALIMU. Hapo umesema. Lakini mbona unaongeza tu, huondoi? Mimi ninachokiogopa ni kuondoa. Nimesikia habari ya "wageni haramu" huko Marekani.

MKUTUBI. *Illegal aliens*. Kichwa hicho kilikuwa cha watu wanaoishi nchini bila vibali. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth wakaomba kibadilishwe, kwa kuwa binadamu hawezi kuwa haramu. Tendo ndilo linaweza kuwa haramu. Machi 2016 Maktaba ya Bunge ikakubali. Baraza la Wawakilishi likaja juu, kwamba wakutubi hawana ruhusa ya kubadilisha maneno yaliyo kwenye sheria. Jambo likalala miaka mitano. Novemba 2021 ndipo kikaondolewa, wakaweka viwili badala ya kimoja: *Noncitizens* kwa watu, na *Illegal immigration* kwa tendo.

MZALIWA. Vizuri. Wamemtenga mtu na kosa.

MWALIMU. Vizuri kwako. Sasa nikuulize mama mkutubi. Septemba 2013 hapa kwetu, na Kagera, na Geita, ilipita Operesheni Kimbunga. Watu maelfu waliondolewa, na wamo waliozaliwa hapa, walioolewa hapa, wenye mashamba. Magazeti yote, redio zote, viongozi wote walitumia neno moja: wahamiaji haramu. Mtu alikuwa jirani jana, leo anaitwa hivyo, kesho hayupo. Miaka 50 ijayo mjukuu wangu anasoma historia ya Kasulu. Mmeshalifuta neno, mmeweka lenye adabu, "wasio raia". Atajuaje kwamba neno ndilo lililobeba kazi yote? Mtasafisha katalogi mpaka isionekane tulivyotendeana.

Nakiri kwamba nilipomwandikia Mwalimu hoja hii nilikaribia kuhamia upande wake. Wanaotaka mabadiliko hawaijibu vizuri. Husema jina la kitabu lenyewe halibadilishwi, lipo pale pale, anayetaka neno la zamani atalikuta. Ni kweli, kwa anayejua jina la kitabu.

MKUTUBI. Mwalimu, enzi za kadi ningekubaliana nawe. Kubadilisha kichwa ilikuwa kuvuta kadi zote, kukwangua neno kwa wembe, kupiga taipu jipya juu yake. Kikikwanguliwa kimekwenda. Leo kwenye programu za maktaba kama Koha kichwa kina karatasi yake ya kumbukumbu: neno linalotumika, na chini yake maneno yote yasiyotumika, pamoja na yale yaliyokuwa yanatumika zamani. Zaire bado imo. Anayeandika Zaire anapelekwa Kongo. Kwa hiyo mjukuu wako akiandika "wahamiaji haramu", atapelekwa penye vitabu. Neno limeshuka cheo, halijafa.

MWALIMU. Kama aliyebadilisha alikumbuka kuliacha.

MKUTUBI. Kama alikumbuka. Na wengi hawakumbuki, hilo siwezi kukuficha. Katalogi inahamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, vielekezo vinaachwa nyuma kwa sababu hakuna aliyelipwa kuvihamisha.

KIJANA. Basi kelele zote za adabu zinaishia kwenye bajeti.

MWALIMU. Na kwenye siasa. Mnashangilia Washington ikibadilisha neno kwa heshima. Januari 2025 rais wao kasaini amri, Ghuba ya Meksiko iitwe Ghuba ya Marekani, mlima Denali urudishiwe jina la McKinley. Maktaba ya Bunge ikafuata, na vichwa vikabadilishwa. Denali ndilo jina la wenyeji wa Alaska! Leo wanabadilisha kwa ajili ya mnyonge, kesho kwa ajili ya mkubwa, na katalogi ya Kigoma inafuata nyuma kama mkia, kwa sababu tumejiunga na orodha yao.

MKUTUBI. Hatulazimiki kufuata kila kitu.

MWALIMU. Tuna lipi la kwetu?

Ndiyo sehemu niliyotaka wafike. Rekodi ya kitabu kwenye kompyuta imegawanywa kwa namba. Vichwa vya Washington hukaa sehemu ya 650, na vya majina ya mahali 651. Lakini iko pia sehemu ya 690, iliyoachwa makusudi kwa ajili ya vichwa vya maktaba husika: unaandika kwa lugha yako, kwa maneno ya wasomaji wako, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Maktaba ya wilaya inaweza kuandika humo "Waha" na "Buha" na "Kiha" pamoja, na kila anayekuja na kimojawapo akafika. Hakuna ghuba itakayobadilika humo kwa amri ya mtu. Nimetazama rekodi nyingi za vitabu vyetu katika katalogi za hapa nchini, na sehemu hiyo mara nyingi ni tupu.

Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza hata kupeleka pendekezo Washington. Upo utaratibu wa maktaba za nje kupendekeza vichwa, na Maktaba ya Bunge ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayokusanya machapisho ya Kiswahili. Lakini nisingeanzia huko. Ningeanzia 690.

KIJANA. Tujaribu basi. Kitabu kimoja, hapa hapa.

MKUTUBI. Hiki: Loren Landau, *The Humanitarian Hangover*, 2008. Kinahusu wilaya ya Kasulu, jinsi ujio wa wakimbizi na mashirika ya misaada ulivyowabadilisha wenyeji, siasa yao na maisha yao.

MWALIMU. Mnacho maktabani?

MKUTUBI. Hatuna. Tumekiomba.

MWALIMU. Nilijua.

MKUTUBI. Naanza. "Kasulu (Wilaya)". Hapa tayari kuna shida: kitabu ni cha 2008, na mwaka 2012 Buhigwe imemegwa kutoka Kasulu, Kakonko ikamegwa kutoka Kibondo. Mtu wa Manyovu leo ataandika Buhigwe, na kitabu kinachomhusu kiko Kasulu. Vivyo hivyo kambi ya Mtendeli: ripoti za mwanzo zinasema Kibondo, za baadaye zinasema Kakonko, na kambi haikusogea hata hatua moja. Naweka kielekezo: "Buhigwe, kabla ya 2012, tazama Kasulu".

MZALIWA. Na Makamba yetu imeingizwa mkoa wa Burunga mwaka 2025. Mtufanyie hivyo hivyo.

MKUTUBI. Itakuja zamu yake. Cha pili: "Misaada ya kibinadamu, Kigoma". Cha tatu: "Wakimbizi, Kigoma".

MWALIMU. Andika Waha. Kitabu kinatuhusu sisi, wageni ni sababu tu.

MKUTUBI. Kinawahusu wakazi wa Kasulu, Mwalimu. Kasulu kuna watu wa makabila mengine, walimu, wafanyabiashara, polisi. Nikiandika Waha nitakuwa nimekifanya kitabu cha kabila, na si cha kabila. Mwandishi anazungumzia wananchi na serikali yao.

MWALIMU. Lakini msomaji wa hapa ataandika Waha!

MKUTUBI. Ndiyo maana nitaweka "Waha, tazama pia Kasulu". Kichwa kisidanganye kuhusu kitabu. Kielekezo kinaruhusiwa kumfuata msomaji popote alipo.

KIJANA. Sasa "Kambi za wakimbizi, Mtabila".

MZALIWA. Mtabila peke yake. Kambi itoke. Pale palikuwa na jina kabla yetu na pana jina baada yetu.

MKUTUBI. Nakubali. "Mtabila (Kasulu)". Ndani yake vipande viwili kwa miaka: mpaka 2012, na baada ya hapo. Anayetafuta JKT na anayetafuta kambi wanafika mlango mmoja, kisha kila mmoja anashika njia yake. Na "wahamiaji haramu" silipi kundi la watu. Nalifunga kwenye tukio: "Operesheni Kimbunga, 2013", na neno linakuwa kielekezo cha tukio. Mwalimu amepata neno lake, na hakuna mtu aliyebandikwa.

MWALIMU. Hiyo nimeipokea.

MZALIWA. Mimi bado. Tarehe 1 Agosti 2012 serikali iliwafutia hadhi ya ukimbizi wengi wetu pale Mtabila. Tulikuwa tumeshahojiwa familia kwa familia. Walioonekana bado wana hatari wakapelekwa Nyarugusu, sisi tukaambiwa turudi. Mimi niliondoka Desemba. Kuanzia Agosti mpaka Desemba nililala kwenye nyumba ileile ya udongo, nikachota maji bomba lilelile. Mkimbizi sikuwa, wamefuta. Raia sikuwa. Sheria ya uhamiaji ilikuwa inanitazama kama mtu asiye na kibali. Kimbunga chenu kilikuja mwaka uliofuata, mimi sipo. Miezi ile unaiandika chini ya nini?

MWALIMU. Wenyewe mlijiitaje?

MZALIWA. Tulijiita watu wa Mtabila. Hapakuwa na jingine.

MKUTUBI. "Watu wa Mtabila" siwezi kukiweka kichwa, maana kesho kuruta wa JKT naye ni mtu wa Mtabila. "Wakimbizi waliofutiwa hadhi" ni la ofisini, hakuna atakayelitafuta. "Wasio raia" ni lile la Washington, na linamchanganya huyu na mfanyabiashara wa Kihindi mwenye kibali cha kazi Kigoma mjini.

KIJANA. Weka yote matatu.

MKUTUBI. Nikiweka matatu kwa kila kitabu, baada ya mwaka orodha yangu haina tofauti na simu yako.

MZALIWA. Chagua moja basi.

MKUTUBI. Nitaandika "Mtabila (Kasulu), kufungwa kwa kambi, 2012". Ni tukio, lina mwaka, na wewe ukiandika Mtabila utalikuta la kwanza.

MZALIWA. Hapo umeiandika kambi. Mimi umeniacha.

MWALIMU. Mama mkutubi, usiifunge bado hiyo rekodi. Wapo wengine walioondoka kwenye magari yale, na Jumamosi wanavuka kuja sokoni Manyovu. Tuwaulize wao wangetafuta kwa neno gani, ndipo uandike.